Mwalimu Borghild na Chiriku wa Bi Thora

Upande wetu hakuna mtu aliyewahi kusikiliza simu ya mwenzake. Ukitaka ugomvi wa kudumu mpaka mazishini, mwambie mtu kwamba alisikiliza. Waya ulikuwa mmoja. Ulianzia ofisi ya ghala la ngano pale stesheni, ukafuata barabara, ukaingia nyumba hii, ukatoka, ukaingia ile, mpaka ukafika kwetu kwa akina Tveit, mwisho kabisa, mahali ambapo hata habari njema hufika zimechoka. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake. Wetu ulikuwa mmoja mrefu na miwili mifupi. Simu ikilia kwa mmoja ililia kwa wote, na watu wenye adabu wasiohusika waliendelea na shughuli zao. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukielezana.

Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa na adabu nyingi sana. Ndiyo maana alikuwa na kitambaa cha vyombo kilichoning'inia kwenye msumari kando ya simu, na kitambaa hicho hakikuwahi kukausha sahani hata moja. Alikitandaza juu ya mdomo wa simu ili pumzi zake zisisikike, akaweka mkono wa simu sikioni, akafumba macho kama mtu aliye kwenye sala. Ukimuuliza anafanya nini, alikujibu kwamba anapumzisha shingo.

Mimi sikusikiliza kamwe. Nilikuwa nikisimama tu karibu na Bibi, naye alikuwa na tabia ya kurudia maneno kwa sauti ya chini.

Na ingawa hakuna aliyesikiliza, kila mtu alijua nani yupo kwenye waya. Kwa akina Lindvik kulikuwa na saa ya ukutani iliyochechemea. Ukiisikia ikigonga, ikanyamaza, kisha ikagonga mara mbili kwa haraka, ulijua Halvor Lindvik au mkewe amekuja. Knut Sandbakken, kapera, alikuwa na kikohozi chake. Na Bi Thora Haugerud, mke wa mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwa na chiriku wa manjano ndani ya tundu lililotundikwa karibu na simu. Chiriku yule hakufundishwa adabu. Waya ukishapata maneno matamu, naye huanza kuimba.

Huyo Bi Thora ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Mwaka mmoja, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, alisimama akasema kwamba wanaosikiliza simu za watu ni wezi tu, sawa na wezi wa kuku, na wakati akisema hayo macho yake yalikuwa kwa Bibi. Nyani haoni kundule. Bibi alirudi nyumbani amefura, na tangu siku hiyo hakuonja tena keki ya Bi Thora. Aliyeumia ni yeye, maana kwa keki Bi Thora hakuwa na mpinzani.

Sasa dada yangu Borghild. Mama yetu alifariki nikiwa sijui kufunga kamba za viatu, na Borghild ndiye aliyenifundisha kufunga kamba, kusoma, kukanda mkate na kutojibu watu wazima, ingawa hilo la mwisho halikuniingia. Alipokuwa mtu mzima akapewa shule yetu, chumba kimoja katikati ya mashamba ya ngano, watoto wa madarasa yote wamejazana humo pamoja na jiko la makaa ya mawe. Alifika kabla ya wote kuwasha moto, akafagia, akayeyusha wino ulioganda, kisha akaita majina. Kila mtoto aliitwa kwa jina lake kamili na kila mtoto alijibu "Nipo, Mwalimu," hata kama amekaa mbele ya pua yake.

Tatizo ni kwamba shule haikubaki shuleni. Ilirudi naye nyumbani. Baba yetu Nils, mtu aliyevunja ardhi ya uwanda ule kwa jembe la maksai na hakuogopa baridi wala benki, alikuwa akitazama kucha zake kabla ya kukaa mezani. Akitaka viazi alinyoosha kidole juu, uso mkavu, akasubiri aruhusiwe. Borghild alimpa viazi bila kucheka, akamwambia akae wima. Tulimtania mchana kutwa, na tulijivunia kuwa naye kuliko tulivyojivunia farasi wetu, na farasi wetu walikuwa wazuri.

Walimu waliomtangulia walitoka mashariki. Mmoja alilia msimu mzima wa baridi. Mwingine aliolewa na muuza majembe kabla ya Krismasi. Kabla ya Borghild hakuna mtoto wa shule yetu aliyewahi kufaulu mtihani wa serikali wa darasa la nane. Alipokuja yeye, wakaanza kufaulu. Mwaka ninaousimulia alikuwa na watoto wanne wa kufanya mtihani huo mwezi wa Juni, na mmojawapo alikuwa Alma, kitinda mimba wa Bi Thora, aliyetaka kwenda kusomea uuguzi na aliyekuwa bado akigombana na hesabu za sehemu.

Lakini kulikuwa na kanuni. Mwalimu wa kike akiolewa, anaiacha shule siku hiyo hiyo. Hakuna aliyejua ilitoka wapi. Mwenyekiti, Mzee Gunnar Haugerud, aliitaja kwa sauti ya mtu aliyeikuta kwenye mbao za Musa, chini kidogo ya amri ya kumi.

Kanuni hiyo haikutusumbua mpaka alipokuja Edvin Rusten kusimamia ghala la ngano. Edvin alikuwa mrefu, msafi, na mwenye haya isiyo na kiasi. Jumapili alikuja kwetu, akakaa kando ya jiko na kofia juu ya goti, akazungumza na Baba kuhusu unyevu wa ngano. Kwa Borghild hakupata kusema zaidi ya kusifu kahawa, na kahawa aliipika Bibi. Macho yake hayakuwahi kupanda juu ya viatu vya dada yangu. Bibi alisema kijana yule siku akiulizwa anampenda nani, atataja namba ya kiatu.

Kwenye simu, hata hivyo, Edvin alikuwa mtu mwingine. Pale hakuna anayekuona uso. Alimpigia Borghild jioni akitoka kazini, na maneno yalimtoka kama nafaka mlango wa ghala ukifunguliwa. Alimweleza jinsi treni inavyolia ikiwa bado mbali, na kwamba panya wa ghala lake wana vitambi kuliko mchungaji. Borghild alicheka. Sisi tuliomjua hatukuwahi kusikia kicheko kile. Kilianzia tumboni na hakikuomba ruhusa.

Basi mtaa mzima ukachumbiwa pamoja naye. Jioni moja Edvin alitaja kwamba soksi zake zimetoboka visigino. Wiki ile ile akaletewa soksi mpya kutoka nyumba tatu tofauti, na kila mama alisema ameota tu. Alipopata mafua, Bi Thora alimpelekea chupa ya mafuta ya bata, akieleza kwamba kuna mafua mengi hewani siku hizi. Na Borghild? Kila alipoweka simu chini alitutazama sote kwa jicho lile la darasani, kisha akachukua madaftari ya kusahihisha. Nadhani aliona kwamba kuwagombeza ni kazi bure, kwa kuwa hakuna aliyesikiliza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, kabla ya chakula cha mchana. Theluji ilikuwa imefunga barabara tangu katikati ya wiki. Baba alikuwa akishona hatamu jikoni, mimi namenya viazi, Bibi anakanda. Ikalia: mmoja mrefu, miwili mifupi. Edvin hakuwa na kawaida ya kupiga mchana, kwa hiyo Borghild alifuta mikono haraka akaenda.

Ndipo mikono ya simu ikaanza kuinuliwa. Hata mimi niliyekuwa kwenye viazi niliisikia: tak, tak, tak, nyumba baada ya nyumba. Jambo ambalo wenzangu hawakuwahi kulitilia maanani ni kwamba kila anayeinua ananyonya kidogo nguvu za waya. Wakiinua wawili watatu, huoni tofauti. Siku ile barabara imefungwa, hakuna kanisa wala duka, na Edvin anapiga saa isiyo yake. Waliinua wote.

Borghild akasema, "Edvin? Sikusikii. Sema tena."

Akasikiliza. Uso wake ukajikunja kama wa mtu anayesoma mwandiko mbaya. Akamwomba arudie, na mara ya tatu akamwomba tena. Tuliona anajua kwamba linalosemwa ni kubwa, na kwamba halimfikii. Kisha akaelewa. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya shuleni kwamba anawaomba wote walio kwenye waya waweke simu zao chini.

Hakuna aliyeweka. Usiwalaumu. Ukiweka chini, simu inalia tak, na hiyo tak ni sawa na kusema nilikuwepo. Watu wazima walikwama jikoni kwao, mkono sikioni, hawawezi kusonga wala kupumua. Saa ya akina Lindvik ikachechemea. Mtu akakohoa.

Aliyevunja kimya ni huyo huyo mwenye kikohozi, Knut Sandbakken. Knut alikuwa mmoja wa watatu wa kamati ya shule, hana mtoto wala mke wa kumwaibisha, nyumba yake iko katikati ya waya, na sauti yake ilikuwa ya kuitia ng'ombe wa shamba la tatu. Hata mimi nilimsikia toka kwenye viazi.

"Mwalimu, mimi Knut. Nilikuwa napita tu. Huyu kijana anasema kampuni inamhamisha huko magharibi, milimani kabisa. Wanataka jibu leo. Anasema hataki kwenda. Anasema ukikubali akuoe, atabaki hapa hapa hata kwa kazi ya kupakia magunia." Akakohoa. "Kasema na mengine, lakini hayo siwezi kuyasema mimi. Ni ya kusema mwenyewe."

Bibi alikuwa amesimama na unga mpaka kwenye viwiko. Baba aliacha sindano hewani. Borghild akaegemea ukuta, na nikaona kidevu chake kinatetemeka. Dada yangu! Nilishamwona amevunjika kidole na kuendelea kuandika ubaoni kwa mkono wa pili.

"Knut," akasema, "mwambie nampenda. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Tukamsikia Knut akipeleka ujumbe kwa aibu kubwa, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ashike.

"Na mwambie siwezi. Nikiolewa, shule naiacha siku hiyo hiyo, na katikati ya baridi hatapatikana mwalimu mwingine. Nina watoto wanne wa Juni. Alma Haugerud ameanza wiki hii tu kuzielewa sehemu. Nikimwacha sasa atabaki kukamua ng'ombe maisha yake yote, na kosa litakuwa langu. Mwambie aende milimani. Mwambie avae soksi nzito."

Najua wapo waliosema baadaye kwamba Borghild alijua vizuri nani anamsikia, na kwamba jina la Alma halikumtoka kwa bahati. Yeye alikana. Mimi nilikuwa pale, niliona machozi, nayo yalikuwa ya kweli. Lakini pia alikuwa mwalimu, na mwalimu anajua nani amejificha nyuma ya kitabu.

Akaushusha mkono wa simu kifuani, nasi jikoni tukawa tunasikia yote. Waya ukawa kimya. Na ndani ya kimya kile, chiriku wa Bi Thora akaanza kuimba. Aliimba kwa nguvu zote, na hakuna aliyeweza kujifanya hakumsikia.

Fikiria hali ya Bi Thora. Angeweza kunyamaza. Kila mtu angenyamaza naye, kama siku zote, na kesho yake kanisani angekaa kiti cha mbele. Dada yangu angebaki na shule bila mume, Alma angefaulu, na Bi Thora angebaki na heshima yake. Hakuna mtu angemgusa.

"Mwalimu," ikasema sauti, "ni mimi, Thora Haugerud. Nipo hapa tangu mwanzo. Na si leo tu."

Bibi akakaa chini na unga wake.

Bi Thora aliendelea haraka haraka, maana maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akasema Gunnar yupo mezani anakula, na kwamba Gunnar anasema kanuni ile hamkumbuki aliyeiandika na haoni faida yake.

Kwa mbali tukasikia sauti ya mwanamume. "Mimi sijasema kitu."

"Sasa utasema," Bi Thora akamjibu. "Njoo hapa. Acha hiyo supu."

Mzee Gunnar alikuwa amejitapa miaka yote kwamba simu ni chombo cha wanawake wasio na kazi, na kwamba yeye hataigusa. Alma alinihadithia baadaye kwamba alikuja ameshika kijiko bado, akakitazama kile chombo kama farasi anayetazama daraja. Kisha akapiga kelele kana kwamba anataka kufika stesheni bila msaada wa waya. Aliuliza kama wanakamati wenzake wapo. Knut akasema yupo, alikuwa anapita. Saa ikachechemea, na Halvor Lindvik, wa tatu wao, akasema kwa sauti ya mtu anayeungama kwamba naye yupo. Gunnar akauliza kama kuna mwenye pingamizi mwalimu akiolewa na kubaki na shule. Hakuna aliyekuwa nalo. Akasema basi imepita, na kwamba supu yake inapoa.

Ulikuwa mkutano mfupi kuliko yote ya kamati ile, na ndio pekee ambao akina mama walihudhuria.

Lakini Bi Thora alikuwa bado pale kwenye waya, peke yake na aibu yake. Watatu wa kamati walikuwa na kisingizio cha kikao. Yeye hakuwa na kisingizio. Tulisikia pumzi zake, na chiriku sasa amenyamaza. Ndipo Bibi alipoinuka. Alimsogeza Borghild kwa kiwiko, akaweka mdomo wake karibu na simu, na kile kitambaa akakiacha kwenye msumari.

"Thora," akasema, "mimi Gudrun Tveit. Na mimi nipo. Siku zote nilikuwepo, wewe mama, na ulijua."

"Nilijua," akasema Bi Thora. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na ile keki, Gudrun. Kila mwaka nakukatia kipande chako."

Kisha, sijui aliyeanza ni nani, mke wa Halvor akasema naye yupo. Wakaongezeka akina Moen, mama na binti kwenye simu moja. Bi Astrid mjane akasema yupo, na samahani kwa zile soksi kuwa ndefu mno. Sauti zikaanza kupandana, kila mtu anataka kukiri kabla mwenzake hajamwacha nyuma. Borghild akachukua simu, akajifuta pua, na mazoea yakamshika.

"Mmoja mmoja," akasema.

Na akaita majina. Aliyataja yote kwa mpangilio wa waya, kutoka kwetu mpaka stesheni, jina kamili, kama asubuhi yoyote ile. Watu waliozika wazazi na kulea wajukuu wakajibu mmoja mmoja, "Nipo, Mwalimu." Baba yangu, aliyekuwa ameketi na hatamu, alinyoosha kidole juu. Safari hii Borghild alicheka, kile kicheko cha tumboni, huku machozi yakimtoka.

"Vizuri," akasema. "Sasa nitawaomba kwa mara ya pili. Wekeni chini, nimsikie mchumba wangu."

Tak, tak, tak, tak. Ziliwekwa zote. Nasi wa nyumbani alitutoa nje, Bibi kwanza, kwa kidole tu kuelekea mlangoni. Tulikwenda kusimama zizini na ng'ombe, Baba, Bibi na mimi, tunapuliza vidole. Kupitia dirishani tulimwona ameegemea ukuta, ameshika kile kitambaa cha Bibi, anasikiliza. Alisikiliza muda mrefu sana.

Walioana mwezi wa saba, Alma akiwa amekwisha kufaulu. Bi Thora alioka keki na Bibi alikula vipande vinavyotosha miaka yote aliyosusa. Borghild alifundisha mpaka watoto wote wanne aliozaa na Edvin wakapita mikononi mwake, na wao pia walimwita Mwalimu, wakisahau hata mezani.

Alichoambiwa siku ile hakuna anayekijua. Edvin alikufa nacho, na Borghild nimemuuliza mpaka nimechoka. Ananiambia nikae wima. Nimewauliza na majirani wote, mmoja mmoja, maana niliwajua. Wote walinijibu kwamba hawakusikiliza, na kwa hilo moja ninawaamini.